Ukweli kwanza, utani baadaye: kutumia ucheshi unapoishi na ugonjwa wa kingamwili

Kinga ya mwili ni mlinzi wa getini. Kazi yake ni kumzuia mwizi asiingie. Kwenye lupasi, baridi yabisi, kisukari cha aina ya 1, multipo sklerosisi, ugonjwa wa Crohn na mengine ya ukoo huo, mlinzi anamgeukia mwenye nyumba: anashambulia viungo, figo, kongosho, neva au utumbo. Anayeishi na hali hiyo akiulizwa na jirani anaumwa nini hasa, anaweza kujibu kwa sentensi moja: "Nina mlinzi mkali sana, ila kila siku anayemkamata ni mimi." Jirani atacheka, na hapohapo ameuelewa ugonjwa.

Huo ndio ucheshi tunaouzungumzia hapa, ule unaosema kweli. Upo mwingine, wa kuchekacheka ili watu wasijue unaumwa, na huo una hatari. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwa magonjwa haya methali hiyo haina fumbo: dalili iliyofunikwa kwa mzaha inaendelea kukua chini kwa chini. Kanuni utakayoikuta kila mahali katika mwongozo huu ni moja. Ukweli utangulie, utani ufuate.

Kicheko kinaweza nini, na kipi hakiwezi

Mwaka 1976 Norman Cousins, mhariri wa Marekani, aliandika katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine kuhusu ugonjwa mkali wa viungo uliompata mwaka 1964. Alisema dakika kumi za kucheka kwa nguvu zilimpa saa mbili hivi za usingizi bila maumivu. Maelezo yake yamewapa moyo wengi, lakini ni ya mtu mmoja, na wakati huohuo alikuwa anatumia vitamini C kwa wingi. Huwezi kuyachukua kama ushahidi kwamba kicheko kilimponya.

Penye msingi imara zaidi ni majaribio ya Robin Dunbar na wenzake, yaliyotolewa mwaka 2011. Watu waliocheka pamoja wakitazama vichekesho walivumilia maumivu zaidi baadaye kuliko waliotazama vipindi visivyochekesha. Watafiti hao wanaamini kwamba ile kazi ya misuli ya kifua na tumbo wakati wa kucheka huufanya mwili utoe endofini, kemikali yake yenyewe ya kutuliza maumivu. Naye Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, alikuta kwamba watu hucheka takribani mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao.

Kutokana na hayo chukua mambo mawili ya kufanyia kazi. Nafuu ipo, ni ya muda mfupi, kwa hiyo ipange kwenye saa unazoihitaji. Na tafuta mwenzako wa kucheka naye, hata kama ni kwa simu. Dozi hazibadiliki: methotreksati (dawa ya kushusha kinga) ya mara moja kwa wiki inabaki ya mara moja kwa wiki, na prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) uliyoitumia kwa wiki kadhaa haiachwi ghafla hata ukiamka umecheka usiku kucha.

Utani umpige nani?

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu kimetenganisha utani na dhihaka. Utani una mtani, yaani mtu aliyekubali. Dhihaka humwangukia asiyekubali, na mtu huyo anaweza kuwa wewe mwenyewe. Mwanasaikolojia Rod Martin na wenzake, mwaka 2003, waligawa ucheshi katika aina nne: unaounganisha watu, unaomwinua mtu mwenyewe wakati wa shida, unaoshambulia wengine, na unaojidhalilisha ili wengine wafurahi. Mbili za kwanza ndizo za kujenga. Ya nne ndiyo inayowanasa wagonjwa wengi, kwa sababu inashangiliwa sana na hakuna anayejua inauma.

Kila sentensi uipitishe kwenye swali hili: nani ameanguka hapa? Linganisha hizi mbili.

"Mimi ni mzigo tu, hata mlango unanishinda."

"Leo nimevutana na mlango. Mlango umeshinda moja bila, marudiano kesho."

Tukio ni lilelile, udhaifu wa mkono ni uleule. Katika ya kwanza aliyeanguka ni mtu, tena ameanguka moja kwa moja. Katika ya pili zipo timu mbili, na mechi haijaisha. Ukiona sentensi yako inaanza na "mimi ni" ikifuatiwa na neno la kujishusha, ifute na uanze tena ukimweka mtendaji mwingine: goti, kidonge, ngazi, foleni, kizibo.

Kutengeneza utani kutoka kwenye kero ya siku

Unahitaji daftari dogo, au sauti ya kurekodi kwenye simu kama vidole vimevimba, na dakika tano za jioni. Andika vitu vitatu: kilichotokea, maumivu au uchovu ulikuwa ngapi kati ya 10, na jambo gani hapo lilikuwa kinyume na akili. Usijaribu kuchekesha bado. Daftari hilo hilo litakufaa kliniki, kwa hiyo tarehe na namba ziwe sahihi.

Siku ya pili au ya tatu, rudi kwenye kile kilichokuwa kinyume. Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mgonjwa wa baridi yabisi anaamka vidole vimekaza. Dawa ya kutuliza maumivu imo kwenye chupa yenye kizibo cha usalama, kile cha kukandamiza chini huku unazungusha ili watoto wasifungue. Anakandamiza, kizibo kinateleza. Anatumia kiganja, anatumia kitambaa, mwisho anatumia meno. Daftarini ameandika: "Nimeshindwa kufungua dawa, dakika 20, maumivu 6."

Rasimu ya kwanza kwa kawaida huwa ya kulalamika: "Vizibo hivi vinasumbua sana." Ni kweli, ila haichekeshi, kwa sababu haijaonyesha kinyume chake. Kinyume kiko wapi? Dawa ya vidole inahitaji vidole vizima. Basi: "Dawa ya vidole wameifungia kwenye chupa inayofunguliwa na wenye vidole vizima." Imesogea. Sasa ongeza kitu halisi, kionekane kwa macho, na neno la kushtua liwe la mwisho: "Dawa ya vidole wameifungia kwenye chupa ambayo nyumba nzima anayeweza kuifungua ni mtoto wa miaka minne." Hapo imekamilika. Ukiimalizia kwa "jambo ambalo ni la kushangaza" au ukiieleza, umeiua.

Halafu fuatilia ukweli uliomo ndani yake, maana kero iliyochekesha bado ni kero. Mwambie mfamasia akupe chupa yenye kizibo chepesi, na kama kuna mtoto nyumbani dawa hiyo iwekwe juu, kwenye kabati linalofungwa. Utani mzuri mara nyingi unakuonyesha kitu kinachorekebishika.

Siku ambazo ugonjwa umeamka zinahitaji mbinu nyingine, kwa kuwa akili nayo huwa imechoka na haitungi kitu. Hapo tumia picha moja uliyoiandaa mapema, uiendeleze tu. Mgeni anafaa sana. Wote tunajua mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu anayeulizwa hali kila asubuhi anaweza kujibu kwa mfululizo: "Mgeni amekuja bila hodi." Siku ya tatu: "Tumempa jembe." Wiki ya pili: "Jembe amelifanya mto, amelala." Familia inapata taarifa kamili, kwamba ugonjwa umeamka, umekaa, haujaondoka, na mgonjwa hakulazimika kueleza upya kwa kirefu.

Muda ni nusu ya kazi. Peter McGraw na wenzake waliochunguza kinachochekesha wanasema kitu huchekesha pale kinapoonekana kimekwenda kinyume na inavyotakiwa na wakati huohuo hakina madhara. Kwa hiyo jambo dogo, kama kusahau ulichokifuata chumbani kwa sababu ya ukungu wa akili, lichekee siku hiyohiyo, kesho litakuwa limepoa. Jambo kubwa linahitaji umbali: siku uliyopewa jina la ugonjwa, kazi iliyopotea, mimba iliyoharibika. Liache. Huenda miezi ikapita, huenda lisichekeshe kamwe, na hakuna deni hapo. Maumivu yakiwa 8 kati ya 10 kazi yako ni dawa, joto au baridi, na kupumzika.

Nyumbani na nje

Mwenye ugonjwa ndiye anayefungua mlango wa utani. Wengine wanaingia baada yake na wanatoka akiwaambia. Hili liseme wazi siku mnapokuwa sawa, msisubiri ugomvi. Taja yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa kwa majina: "Kaka, mzaha wa mimi kusahau funguo endelea nao. Wa uso wangu naomba uuache." Uso ulioviringa kwa steroidi, nywele zinazonyonyoka, uzito, uzazi na mambo ya chumbani ni maeneo ambayo hata mtu mwenye moyo mkunjufu huumia, na kwa ushauri wetu yaanze yakiwa yamefungwa. Kubalianeni pia neno la kusimamisha. "Leo hapana" linatosha, na likitamkwa halijadiliwi.

Watoto waambie kwanza kwa lugha nyoofu kwamba ugonjwa huu hauambukizi na haukusababishwa na utundu wao. Baada ya hapo mlinzi wa getini atawafaa, na wataongeza vituko vyao wenyewe. Ukiwaanzishia vichekesho kabla ya hayo mawili, watacheka mchana na kuogopa usiku.

Kwa watu wa nje andaa majibu mawili matatu uyajue kwa moyo, kwa sababu maswali ni yaleyale. "Lakini mbona unaonekana mzima?" Jibu: "Rangi ya nje ni mpya, nyaya za ndani ndizo zinazoungua." Kwa anayekuletea tiba ya ajabu: "Nimejaribu mengi, sasa najaribu kumsikiliza daktari." Sema ukitabasamu, kisha badili mada mara moja. Sauti ikiwa kali, jibu lilelile linakuwa tusi. Kazini, ombi la kubadilishiwa zamu au kupewa kiti kinachofaa liandike bila mzaha wowote. Msimamizi akicheka, ombi lako huenda lisikumbukwe.

Kliniki

Hapa ndipo ucheshi unapoharibu zaidi, na tunaomba usomaji wako upunguze mwendo. Daktari ana dakika chache. Anauliza, "Unaendeleaje?" Mgonjwa mchangamfu anajibu, "Tunadunda tu, daktari, si unaona nimekuja kwa miguu yangu!" Wote wanacheka. Kwenye faili inaandikwa kwamba anaendelea vizuri, na dozi inabaki ilivyokuwa. Mgonjwa anarudi nyumbani na viungo vyake vinavyowaka moto.

Andika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na uyasome hayo kwanza: asubuhi viungo vinakaza kwa dakika ngapi, maumivu ngapi kati ya 10, dozi ngapi umekosa na kwa nini, dalili gani ni mpya. Kwa mfano: "Daktari, viungo vinakaza dakika 90, mwezi uliopita zilikuwa 30. Maumivu 7. Nimekosa methotreksati wiki mbili kwa sababu ya kichefuchefu." Akishaandika, sasa sema: "Yaani vidole vimegoma, na madai havijaleta." Utani ukifuata namba unamsaidia daktari azikumbuke. Ukizitangulia, unazifuta.

Yapo mambo yasiyopitia kwenye utani kabisa, hata kwa kuanzia: homa ya nyuzi 38 au zaidi ukiwa unatumia dawa za kushusha kinga, maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, macho kupoteza nuru ghafla, udhaifu mpya wa upande mmoja, mkojo wenye povu pamoja na miguu kuvimba. Hayo yaseme kwa maneno makavu, siku hiyohiyo.

Na wakati wa kuwekewa dripu, mchekeshe muuguzi baada ya sindano kukaa mahali pake. Mkono unaotikisika kwa kicheko unachomwa mara mbili.

Mwili wenyewe unapocheka

Kucheka ni kazi ya misuli, na kila ugonjwa una pahala pake dhaifu. Lupasi na baridi yabisi zinaweza kuvimbisha utando wa mapafu, na kucheka kwa nguvu kukachoma kama kisu. Maumivu hayo yakiwa mapya ni dalili ya kuripoti, usijikaze uendelee kucheka. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo akumbatie mto tumboni, aukandamize kidogo kila kicheko kinapokuja. Mwenye ugonjwa wa Sjögren mdomo wake ni mkavu, kicheko kinageuka kikohozi, hivyo glasi ya maji iwe karibu, na kwa macho makavu sauti inafaa kuliko skrini, kwani anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache. Mwenye miasthenia gravisi misuli yake inachoka kadiri inavyotumika. Achague saa ambazo dawa imeshika, apumzike sauti ikianza kukwama puani, na kama kumeza au kupumua kunakuwa kugumu, hiyo ni dharura. Wanaovujisha mkojo wanapocheka waende chooni kwanza, kisha wamwambie daktari, kwa sababu mazoezi ya misuli ya nyonga na dawa vipo.

Mawili hayajulikani vya kutosha. Kwenye multipo sklerosisi mtu anaweza kupatwa na kicheko au kilio kisicholingana na anachohisi moyoni, kinachokuja chenyewe na kugoma kukoma. Si utovu wa adabu. Ni neva, na kuna tiba. La pili ni la kisukari cha aina ya 1: mtu akianza kuchekacheka ovyo, akaongea vitu visivyoeleweka, huku anatoka jasho au anatetemeka, sukari inaweza kuwa imeshuka. Pima kwanza. Ikiwa chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 mmol/L, na anameza vizuri, apewe gramu 15 za sukari inayoingia damuni haraka, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza au aliyezirai asitiliwe kitu mdomoni, apelekwe kwa msaada wa dharura.

Akiba ya usiku

Prednisoloni hufukuza usingizi, ndiyo maana wengi huandikiwa kuinywa asubuhi. Hata hivyo usiku mrefu utakuja, na saa tisa usiku si saa ya kuanza kutafuta cha kukuchekesha. Weka akiba mchana: rekodi sita hadi kumi za sauti, kila moja dakika 10 hadi 20, ulizokwisha kuzisikia na zikakuchekesha kweli. Weka pia sauti za watu wako, kama vile shangazi anayesimulia vizuri, au rafiki anayecheka mpaka anakosa pumzi. Kicheko cha mtu unayempenda huambukiza hata bila kichekesho chenyewe. Sikiliza ukiwa umeegemea, taa hafifu. Zikiisha mbili bila hata tabasamu, zima, usilazimishe.

Utani ukikwama au ukificha

Utani mwingine utaanguka. Ukimsemea mwenzako mwenye ugonjwa kama wako na ukaona uso umebadilika, usijitetee kwamba ilikuwa masihara. Sema, "Samahani, hilo halikuwa la kuchekea," kisha muulize hali yake na umsikilize. Ndani ya vikundi vya wagonjwa, kinachomchekesha aliyezoea ugonjwa miaka kumi kinaweza kumtisha aliyepewa majibu juzi, kwa hiyo mgeni akiingia punguzeni mpaka yeye mwenyewe aanze.

Jipime mara moja kwa wiki kwa kusoma daftari lako. Ishara mbaya ni hizi: utani wote wa wiki umekuangukia wewe, unacheka mbele za watu na kulia ukifunga mlango, watu wa karibu hawajui namba zako za kweli, au mzaha wa kufa umeanza kujirudia. Huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili mfululizo ni ya kupelekwa kwa mtaalamu. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri hata siku moja. Kama sentensi haitoki, tumia hii: "Siku hizi nacheka lakini ndani siko sawa, naomba unisikilize bila kunichekesha." Mpe daktari pia kiwango cha steroidi unachotumia na tarehe kilipopandishwa au kushushwa, kwa sababu dawa hizo zenyewe zinaweza kushusha moyo wa mtu, au kuupandisha kupita kiasi mpaka akawa anaongea haraka, halali, na kila kitu kinamchekesha.